Chaneli zimepotea, programu imegoma, pesa imekatwa: pa kuanzia kabla hujamwita fundi

Simu ninazopigiwa jioni huanza na maneno yaleyale: "Fundi, TV yangu imeharibika." Ninafunga madishi na antena hapa Dar es Salaam tangu enzi zile mitambo ya analojia ilipozimwa, usiku wa 31 Desemba 2012, na ninaweza kusema bila kusita kwamba TV nyingi ninazoitiwa siku hizi ni nzima kabisa. Kilichobadilika ni makubaliano. Chaneli imehamishiwa kifurushi cha juu, bei imepanda, huduma iliyokuwa bure imefungwa, au programu imeacha kufanya kazi kwenye TV za zamani. Mtazamaji hakuambiwa, au aliambiwa kwa mstari mmoja uliopita chini ya skrini wakati yeye yuko jikoni anageuza ugali. Akikasirika ana haki. Ila akianza hasira yake kwa kupanda juu ya paa, atapoteza siku nzima na pesa ya fundi juu yake.

Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, jiulize mambo mawili. Kimepotea kitu kimoja au vyote? Na jirani mwenye huduma ileile anaona nini? Ikiwa kimoja tu ndicho kilichopotea na jirani naye hakipati, dishi lako, kebo yako na TV yako ni vizima. Usiguse chochote, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya malipo na vifurushi hapa chini.

Chaneli za bure zimepotea

Hapa nazungumzia ving'amuzi vya antena; vya dishi vinaguswa kwenye sababu ya nne tu.

Sababu inayoongoza ni orodha ya chaneli kupitwa na wakati. Kituo kimehamia masafa mengine, king'amuzi chako bado kinakitafuta kilipokuwa. Ingia kwenye menyu, chagua kusaka chaneli upya kwa njia ya moja kwa moja, na usubiri hadi ifike asilimia mia. Wengi huikatisha ikifika nusu wakidhani imekwama.

Ukishindwa hapo, angalia umeme wa antena. Antena nyingi za nje, na baadhi za ndani, zina kikuza mawimbi kinachokula volti 5 zinazotoka kwenye king'amuzi chenyewe kupitia kebo. Kwenye menyu kuna mstari wa kuwasha au kuzima umeme huo. Mtu akirudisha king'amuzi kwenye hali ya kiwandani, mstari huo mara nyingi hujizima, na chaneli zote hupotea kwa mkupuo. Nimeona watu wakinunua antena mpya kwa sababu ya mstari huo mmoja.

Kisha kebo na viungio. Hapa niruhusuni nikae kidogo, kwa sababu ndipo penye ugonjwa wa Pwani. Juzi nilifungua kiungio cha antena ya nyumba moja karibu na bahari. Nilipokizungusha tu, tone la maji likanidondokea kidoleni. Ndani, ule waya wa katikati unaotakiwa kung'aa kama senti mpya ulikuwa umevaa kutu ya kijani, laini kama ukungu wa mkate. TV ilikuwa inaonyesha chaneli tatu kati ya zaidi ya ishirini, na mwenye nyumba alikuwa ameshaambiwa anunue king'amuzi kingine. Nilikata kipande cha kebo chenye urefu wa kidole, nikamenya upya, nikafunga kiungio kipya na kukizungushia mpira wa kuzuia maji. Chaneli zote zikarudi. Kama antena yako iko mahali unapoifikia ukiwa umesimama chini, kazi hii unaweza kuifanya mwenyewe. Zima king'amuzi na ukichomoe kwenye umeme kwanza.

Sababu ya nne si ya fundi, ni ya sheria na leseni, na ndiyo iliyowaumiza watu zaidi. Agosti 2018 hapa Tanzania, TCRA, mdhibiti wa mawasiliano, iliziagiza kampuni za madishi ya kulipia ziziondoe chaneli za bure za ndani kwenye ving'amuzi vyao, kwa kuwa leseni zao hazikuwaruhusu kuzibeba. Watu walilala wakiwa na ITV na Channel Ten, wakaamka hazipo. Kenya nako, Februari 2015, vituo vikubwa vya binafsi vilitoweka hewani kwa karibu majuma matatu katika mvutano wa kuhamia dijitali. Katika hali kama hizo hakuna rimoti wala fundi anayeweza kukusaidia. Kinachosaidia ni kuwa na njia ya pili: antena ya kawaida pembeni ya dishi. Mimi humshauri kila mteja wa dishi asiitupe antena yake.

Kuna tofauti moja ya nchi na nchi ambayo huwachanganya watu wanaohama. Kenya, chaneli za bure hupatikana kwa king'amuzi chochote kinachopokea DVB-T2, yaani kizazi cha pili cha matangazo ya dijitali ya antena, na TV nyingi mpya zina kipokezi hicho ndani, hivyo zinahitaji antena tu. Ukileta king'amuzi cha kizazi cha kwanza cha DVB-T kikakuta mawimbi ya DVB-T2, hakitaona kitu hata ukikipandisha Kilimanjaro. Tanzania, ving'amuzi vingi vya antena hutumia kadi ya kampuni, kwa hiyo TV yenye kipokezi chake ndani si lazima ifungue chaneli.

Ikiwa kifurushi cha king'amuzi chako cha antena kimeisha na chaneli za bure za ndani zimefungwa pamoja nacho, usikubali kuambiwa ulipie kwanza. Zinatakiwa zibaki wazi. Piga simu kwa kampuni, na wakikuzungusha peleka malalamiko kwa mdhibiti: TCRA kwa Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya.

Nimelipa, lakini bado imefungwa

Mama mmoja wa Mbagala alinipigia saa moja usiku, tamthilia yake ikiwa inakaribia. Nikafika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Dishi limehama, pandisha ngazi."

Nikapanda. Nikapima mawimbi: nguvu nzuri, ubora mzuri. Nikashuka na kumuuliza, "Mama, mwezi huu ulilipa kiasi gani?"

"Kilekile cha siku zote."

Tatizo lilikuwa hapo. Bei ilikuwa imepanda kwa shilingi elfu chache, na pesa aliyotuma ilikuwa imekaa kwenye akaunti yake kama salio lisilotosha. Kampuni haikumrudishia wala haikumfungulia. Alipoongeza kilichopungua, chaneli zikafunguka baada ya dakika kama kumi. Sikumtoza kitu, na tangu siku ile ngazi hubaki kwenye pikipiki mpaka nimalize maswali.

Fuata mpangilio huu:

1. Ulilipa bei ya sasa? Angalia bei kwenye menyu ya malipo ya simu au tovuti ya kampuni siku hiyohiyo, usitumie kumbukumbu.
2. Namba ya kadi ni yenyewe? Soma iliyo kwenye king'amuzi, si ile uliyoiandika ukutani miaka mitatu iliyopita. Tarakimu moja ikikosewa, umemlipia mtu mwingine.
3. King'amuzi kilikuwa kimewaka wakati unalipa? Ruhusa ya kufungua chaneli husafiri kwa mawimbi ya dishi au antena. Kikiwa kimezimwa, ruhusa inapita bila mpokeaji. Kiwashe, weka chaneli iliyomo kwenye kifurushi chako, subiri hadi nusu saa, kisha omba kampuni itume ruhusa tena kupitia menyu yao ya simu.
4. Chaneli unayoitaka bado imo kwenye kifurushi chako? Hili ndilo badiliko la kimyakimya kuliko yote. Chaneli nyingine zote zimefunguka, moja tu imekataa: imehamishiwa juu.

Wenye DStv wasome namba inayoonekana kwenye skrini. E16 ina maana ya malipo au ruhusa. E48-32 ina maana ya mawimbi kutofika. Ya kwanza ni ya simu, ya pili ni ya dishi. Ukiniambia namba hiyo unaponipigia, umeshanifanyia nusu ya kazi.

Acha hapa ukipigiwa na mtu anayejiita huduma kwa wateja akitaka namba yako ya siri ya pesa za simu au tarakimu zilizoingia kwa ujumbe mfupi. Kampuni haihitaji hivyo kukufungulia chaneli. Wezi wanajua bei zikipanda watu huchanganyikiwa, na huo ndio msimu wao.

Picha inagandaganda kwenye dishi

Mvua kubwa kwanza. Madishi madogo ya hapa kwetu hupokea masafa ambayo matone ya mvua huyameza. Wingu zito likipita, subiri dakika ishirini. Likipita na picha haijarudi, sasa ndiyo uanze kutafuta.

Fungua ukurasa wa mawimbi kwenye menyu. Kuna vipimo viwili, nguvu na ubora. Nguvu iko juu lakini ubora uko sifuri? Dishi limesogea au linatazama satelaiti nyingine. Vyote viko chini? Kebo, kiungio, au kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi. Ubora unapanda na kushuka upepo ukivuma? Tazama miti.

Suala la miti linahitaji maelezo. DStv ya ukanda huu iko kwenye satelaiti ya nyuzi 36 mashariki, ambayo kwa mtu wa Dar es Salaam ni karibu utosini. Azam iko nyuzi 7 mashariki, kwa hiyo dishi lake linalala kuelekea magharibi. Mwembe wa jirani upande wa magharibi unaweza kuiua Azam huku DStv ya nyumba hiyohiyo ikiendelea bila wasiwasi. Na mwembe hukua taratibu. Dishi lililofungwa vizuri miaka minne iliyopita leo linachungulia kwenye majani, ndiyo maana picha inakatika mchana wa upepo na kutulia usiku. Zungumza na jirani apunguze matawi, au hamisha dishi. Kununua kichwa kipya hakutasaidia.

Acha hapa, mwite fundi, ikiwa dishi liko juu ya bati lenye mteremko, ghorofani, au karibu na nyaya za umeme. Usipande wakati wa mvua wala radi inaponguruma, hata kama ni dakika ya themanini ya mechi ya watani wa jadi. Na usilegeze skrubu za dishi bila kipimo mkononi. Kusogea kwa upana wa kidole kunatosha kuipoteza satelaiti kabisa.

Huduma ya mtandaoni: kiduara kinazunguka tu

Tofautisha mtandao mbovu na huduma mbovu. Fungua huduma nyingine kwenye TV hiyohiyo. Zote zikizunguka, ni mtandao. Moja ikizunguka, ni yenyewe, na dawa ni kuifunga, kuifungua, kuisasisha, na ikibidi kuiondoa na kuipakua upya.

Mtandao ukiwa ndio tatizo, pima kasi ukiwa umesimama pale TV ilipo, si pale ruta ilipo. Netflix inapendekeza megabiti 3 kwa sekunde kwa picha ya 720p, 5 kwa 1080p na 15 kwa 4K. Pima pia saa mbili usiku, kwa kuwa kasi ya asubuhi haikuhusu kama unatazama jioni. Kuta za zege na friji vinakula mawimbi ya ruta. Sogeza ruta, au vuta kebo ya mtandao hadi kwenye TV, njia ambayo mimi naiamini kuliko zote.

Wanaotumia bando la simu wajue hesabu. Picha ya kawaida hula takribani GB 1 kwa saa, ya HD hufika GB 3. Bando linalokwisha katikati ya filamu si wizi wa kampuni ya simu kila mara. Huenda programu imejipandishia ubora yenyewe baada ya kusasishwa. Nenda kwenye mipangilio yake, chagua kiwango cha kuokoa data. Baadhi ya mitandao pia hupunguza kasi ukivuka kiwango fulani cha matumizi ya mwezi hata kama uliambiwa bando halina kikomo. Soma masharti yake.

Mechi kuchelewa mtandaoni kuliko kwenye dishi si hitilafu. Picha ya mtandaoni hukatwa vipande na kukusanywa kabla hujaiona, kwa hiyo jirani mwenye dishi atashangilia goli kabla yako. Hakuna mpangilio utakaoliondoa hilo.

"TV hii si sehemu ya nyumba yako"

Hasira ya ujumbe huu naielewa sana. Kwetu familia haikai chini ya bati moja. Kijana anasoma Dodoma, mama yuko Tanga, baba yuko kazini Mtwara, na akaunti ni moja kwa sababu mfuko ni mmoja. Netflix yenyewe kwa miaka mingi haikuwabana watu kwa hilo. Mwaka 2023 ikageuka, na Julai ya mwaka huo ikapeleka ukomo huo karibu nchi zote zilizokuwa zimesalia, Kenya ikiwemo.

Inatambua nyumba kwa anwani ya mtandao, utambulisho wa kifaa na mwenendo wa akaunti. Kwa hiyo hata mtu asiyegawa akaunti anaweza kukumbana nayo: amebadilisha kampuni ya mtandao, ametumia simu kama ruta siku umeme ulipokatika, au amehamisha TV chumba kilichounganishwa na ruta nyingine.

Jaribu haya kwa mpangilio. Unganisha TV na ruta ileile inayotumiwa na vifaa vingine vya nyumbani. Kama umehama kweli, fungua akaunti kupitia TV yenyewe na uiweke nyumba upya; kiungo cha uthibitisho huja kwa barua pepe au simu ya mwenye akaunti. Ukiwa safarini, omba namba ya muda, ila mwenye akaunti awe na simu mkononi kwa sababu kiungo chake hufa baada ya dakika 15. Ikiwa kweli mko nyumba mbili, mpangilio wa TV hautawasaidia. Amueni nani anabaki na akaunti, na mwingine ahamishe wasifu wake kwenye akaunti mpya asipoteze orodha yake.

Usinunue akaunti ya nusu bei kutoka kwa mtu usiyemjua kwenye kundi la WhatsApp. Inadumu wiki mbili, nywila inabadilishwa, na yule aliyekuuzia hapokei simu tena.

Programu ilikuwa inafunguka kwenye TV, sasa haifunguki

Anza na tarehe. Umeme ukikatika, baadhi ya TV hurudi miaka mingi nyuma, na TV inayoamini iko 2010 hukataa vyeti vya usalama vya leo kwa sababu inaviona havijaanza kutumika. Weka tarehe na saa sahihi, au ziache zijirekebishe kupitia mtandao. Kazi ya dakika moja.

Halafu nafasi. TV za bei nafuu zina hifadhi ndogo, na programu zinanenepa kila sasisho. Futa usizozitumia, safisha kumbukumbu ya muda ya ile inayogoma, chomoa TV ukutani kwa dakika mbili. Kuizima kwa rimoti hakutoshi, huo ni usingizi tu.

Kisha sasisho la TV yenyewe.

Baada ya hapo ukweli mchungu: huduma imeacha kuihudumia TV yako. Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya TV za Samsung za zamani. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kimoja kilichotegemewa na tovuti nyingi duniani kilifikia mwisho wake, na vifaa visivyosasishwa vikashindwa kufungua kurasa vilizozifungua jana yake. Kioo cha TV hiyo ni kizima, spika ni nzima. Usiitupe. Nunua kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye HDMI chenye leseni ya huduma unayoitaka, TV iendelee kuwa kioo.

Acha hapa fundi akikuambia afungue TV abadilishe "bodi ya intaneti" kwa sababu programu moja imegoma. Na wewe mwenyewe usifungue mgongo wa TV: ndani kuna sehemu zinazoshika umeme mkali hata baada ya kuchomoa waya.

Kitufe cha kurusha picha kutoka simu kwenda TV kimetoweka

Kama ni Netflix, huenda huna kosa. Mwishoni mwa 2025 iliondoa kitufe hicho kwa TV na vifaa vingi vyenye rimoti yake, ikabakiza vifaa vichache vya zamani visivyo na rimoti. Tumia programu iliyomo kwenye TV. Kama ni huduma nyingine, hakikisha simu na TV viko kwenye Wi-Fi moja. Ruta nyingi hutoa majina mawili, na simu ikiwa kwenye moja na TV kwenye jingine wakati mwingine hazionani.

Nimelipia HD, picha ina ukungu

Kwenye simu za Android, kosa mara nyingi ni kiwango cha ulinzi cha Widevine, mfumo unaozuia filamu kunakiliwa. Simu yenye L1 inaruhusiwa HD, yenye L3 inabanwa kwenye picha ya kawaida hata ukilipia kifurushi cha juu kabisa. Ndani ya mipangilio ya Netflix kuna ukurasa unaoonyesha kiwango cha simu yako. Ukikuta L3, shuka kifurushi uokoe pesa yako. Kwenye TV angalia mpango uliolipia, kwani mipango ya bei ya chini ina ukomo wake wa ubora, halafu kasi ya mtandao.

Huduma ya bure imegeuka ya kulipia, au pesa imekatwa nisijue

Septemba 2021 Netflix ilifungua mpango wa bure Kenya kwa simu za Android, bila kadi wala matangazo. Tarehe 1 Novemba 2023 ukafungwa. Aliyekuwa anautumia hakukatwa kitu, kwa sababu hakuwahi kutoa namba ya malipo. Hicho ndicho kipimo changu: bure isiyotaka kadi ikiisha, imeisha. Bure inayotaka kadi au namba ya pesa za simu kwanza ni ya kulipia iliyoahirishwa.

Pesa ikikatwa, tafuta kwanza mlango ulioingilia. Ulijiunga kupitia Google Play? Futa usajili huko. Kupitia kampuni ya simu? Huko. Kupitia tovuti? Huko. Kuiondoa programu kwenye simu hakusimamishi malipo, na wengi wanaoniletea malalamiko walifanya hivyo wakaamini wamemaliza. Futa, kisha subiri ujumbe wa uthibitisho, upige picha skrini.

Kiasi kikizidi kidogo bei iliyotangazwa, angalia kodi na ubadilishaji wa fedha. Tanzania na Kenya hutoza VAT kwenye huduma za kidijitali, na benki ina tozo zake kwa malipo ya dola. Kiasi kikiwa kigeni kabisa au mkato ukijirudia siku moja, usibishane na programu: pigia benki au mtandao wa simu wafunge kadi au idhini ya malipo usiku huohuo.

"Haipatikani katika nchi yako"

Ndugu zetu wa Muscat na London hukutana nayo kila wiki wakitafuta ligi ya nyumbani, nasi hukutana nayo kwa huduma ambazo hazijafika kwetu. Haki za kuonyesha huuzwa nchi kwa nchi. Tafuta kwanza kama mwenye haki ana huduma rasmi ya nje. Baadhi wanayo, kwa bei tofauti.

Kuhusu VPN, yaani programu inayokufanya uonekane uko nchi nyingine, huduma nyingi huitambua na kuizuia, kwa hiyo unaweza kulipia vitu viwili usipate kimoja. Na Tanzania, Oktoba 2023 TCRA ilitoa agizo watumiaji wa VPN waisajili. Usiwashiwe na kijana wa dukani bila kujua hilo.

Filamu au tamthilia iliyokuwepo jana na leo haipo ni jambo hilohilo, mkataba wa haki umeisha. Kuiondoa programu na kuipakua upya hakutairudisha.

Kisanduku cha "chaneli zote bure milele" kimekufa

Hiki sikitengenezi. Chanzo chake ni chaneli za wizi, na mitambo yake ikifungwa hakuna wa kumlalamikia. Kuna hatari kubwa zaidi: Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu visanduku vya Android vya bei chee vinavyouzwa vikiwa tayari na programu hasidi ndani, inayotumia mtandao wako kwa uhalifu bila wewe kujua. Kama unacho, kichomoe kwenye mtandao, kisha badilisha nywila ya Wi-Fi na za akaunti ulizoziingiza humo, hasa ya barua pepe.

Ukifika mahali pa kupiga simu

Kwa kampuni: namba ya kadi au akaunti, namba ya muamala, saa uliyolipa, na picha ya skrini yenye ujumbe wa kosa. Omba namba ya malalamiko na uiandike kabla hujakata simu. Bila hiyo kesho utaanza upya na mtu mwingine.

Kwa fundi: mwambie vipimo viwili vya mawimbi, namba ya kosa kama ipo, kama jirani anapata, na kama umeshasaka chaneli upya. Uliza bei ya kuja na bei ya kazi kando kando, na akishuka kwenye paa mwambie akuonyeshe kile kipande alichokitoa.